Kaa Kwanza Kiti cha Nyuma

Ndugu msomaji, ukienda kununua motokari ya jamaa, unatazama nini kwanza? Rangi? Matairi? Motere? Wengi wetu hapa Likasi tunafanya vile. Baba anaketi mbele, anashika volani, anafungula klima, anasikia baridi ku uso, anasema: "Iko muzuri, tununue!" Mimi pia nilifanya hivyo. Sikiliza yaliyonipata. Pengine yatakusaidia kulinda feza zako, na zaidi ya feza, wale unaowapenda.

Mama yangu ni mzee, na mgongo unamsumbua. Kila mwezi lazima afike kwa munganga kule Lubumbashi, mwendo wa kilometa karibu 120. Kwa miaka mingi alibanwa ndani ya basi. Basi mimi na wadogo zangu tukaunganisha feza ili tumpatie jeep ya okazio yenye viti saba. Muuzaji akatukubalia kuijaribu siku moja.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Unajua mji wetu uko juu, karibu metre 1,300, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi tunatetemeka kwa baridi. Lakini mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza, jua linachoma kweli, na vumbi ya makamioni ya madini inafunika kila kitu. Ukifungua dirisha unakula vumbi, ukifunga unapikwa. Ndiyo sababu klima si mambo ya kujionyesha tu.

Watoto walikwisha kukamata viti vya katikati. Mama akaingia nyuma kabisa. Tukapita Lufira, pale ambapo askari wa Umoja wa Mataifa walikuta madaraja yamevunjwa Januari 1963, walipokuwa wakielekea Jadotville, jina la mji wetu wakati ule. Nikawa nawaeleza watoto habari hiyo, mimi nimeburudika mbele. Mara nikasikia sauti ya mama: "Mwana yangu, huku nyuma hakuna baridi. Na magoti yangu inafika ku kifua." Nikamjibu, "Vumilia, mama, tunakaribia." Kukaribia wapi? Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia!

Tulipofika Luisha tukasimama. Mama hakuweza kushuka peke yake. Nguo yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni. Hakuninung'unikia hata neno moja, na ndiyo iliyoniumiza. Nikampa mdogo wangu volani, mama akaketi mbele, na mimi nikaingia kule nyuma.

Ndugu, kule nilijifunza. Ndani ya jeep nyingi za namna ile, chini ya kiti cha mwisho sakafu imeinuliwa, na kiti chenyewe kiko chini. Basi mapaja hayashikwi na kitu, uzito wote unaangukia matako na mgongo. Kila shimo la njia linapiga uti wa mgongo, kwani unakaa karibu juu ya magurudumu. Tena hewa ya baridi ilitokea mbele tu. Mpaka ipite watu watano, imekwisha kuwa moto. Nyuma yangu kioo kikubwa kilikuwa kinaleta jua shingoni.

Basi, ukitaka kujaribu motokari, fanya hivi:

1. Iache juani saa moja, milango imefungwa. Kisha fungua milango yote hewa ya moto itoke, tembea kidogo madirisha wazi, ndipo ufunge na kuwasha klima. Lakini usimwache mtoto ndani hata dakika chache! Hata siku isiyo na joto kali, motokari iliyofungwa juani inaweza kupita digri 40, na mtoto anaweza kufa.

2. Weka mkono wako kiti cha nyuma, si mbele tu. Kuko tundu za hewa kule? Hewa inafika?

3. Nusa. Harufu ya ukungu inaonyesha filtre chafu, ao maji yamelala ndani. Lakini maji safi yakidondoka chini ya motokari, usiogope. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji kwa sababu ya baridi, sawa na chupa iliyotoka frigo.

4. Kuko kifungo cha kuzungusha hewa ya ndani. Kinazuia vumbi unapofuata kamioni. Lakini mkiwa wengi, usikiache muda mrefu: hewa mliyokwisha kupumua inaleta usingizi, hata kwa shofere.

5. Keti kila kiti nusu saa, njiani, si garajini. Magoti yasipite kiuno kwa urefu. Mgongo uguse kiti. Kila mtu awe na mkaba wake, maana mkipata ajali mikono ya mama haitoshi kumshika mtoto.

6. Hata kiti kiwe kizuri namna gani, kila saa mbili simama, watu wanyoshe miguu.

Jioni tulirudisha ile jeep. Muuzaji alishangaa: "Lakini klima yake inafanya kazi!" Nikamwambia, ni kweli, kwa mimi na shofere. Wadogo zangu walikasirika kidogo, kwani tulikuwa tumekwisha kuwaambia majirani.

Kisha miezi miwili tulipata nyingine, ya viti vitano, rangi yake imefifia. Safari hii mama ndiye aliyeijaribu. Aliketi mbele, akaketi nyuma, akafunga macho toka Kikula mpaka Panda na kurudi. Tukangoja. Akasema: "Hii, nitafika."

Ndugu msomaji, kwenu nani anaketi nyuma? Muulize yeye kwanza.