Tamaa na Fisi Wake

Katika mtaa wa West Indies, Eldoret, neno tamaa lilimfikia mwandishi wa makala haya likiwa limembeba fisi. Mwalimu aliwasimulia wanafunzi darasani habari za yule fisi wa njia panda: akanusa nyama huku, akanusa na kule, akataka kuzishika njia zote mbili mpaka akapasuka msamba. Kisha ikaandikwa ubaoni methali yake: tamaa mbele, mauti nyuma. Katika insha za kujiandalia mtihani wa KCPE, mwenye tamaa aliishia gerezani au kaburini. Hakuna aliyepona.

Nyumbani neno lilikuwa na sura nyingine. Mamake alipolazwa, jirani mmoja, bibi mzee mzaliwa wa Mombasa, alimwambia, “Usikate tamaa, mwanangu.” Mtoto akatatizika. Ikiwa tamaa huua, kwa nini asiikate?

Jibu alilipata ukubwani. Kiswahili kilichukua neno hili kutoka Kiarabu, ambako hubeba uroho na matumaini kwa pamoja. Katika Kurani, sura ya As-Sajda, limesimama kando ya hofu: waumini humwomba Mola wao wakiogopa na wakitaraji. Nalo tamani, linalodhaniwa kuwa ndugu yake, lina mzizi mwingine kabisa. Bibi yule wa Mombasa alikuwa akitumia maana kongwe, ambayo shule iliiacha nje ya mlango.

Mwaka wa 2007 michezo ya upatu iliporomoka nchini Kenya, na watu wengi wakapoteza akiba zao. Mtaani lawama ikawa moja: tamaa. Mama aliyeweka pesa akitarajia karo ya watoto akawekwa kapu moja na mlaghai aliyemwibia. Hilo lilimuuma mwandishi, na linamuuma hadi leo.

Katikati ya miaka ya 2010 vijana wa kiume waliowakimbilia wanawake wakajiita kwa mzaha “Mafisi Sacco”, na tamaa ikazidi kusukumwa kwenye mambo ya wanaume na wanawake. Watangazaji wa michezo nao, badala ya tamaa, walikuwa na neno lao, uchu: mshambuliaji ana uchu wa mabao, mwanariadha ana uchu wa ushindi.

Siku hizi mwandishi huandika “tamaa ya kupona” na “tamaa ya kusoma”. Wahariri humfutia na kuweka “hamu”. Huwapigia simu na kuwaomba walirudishe neno lake, kwa sababu hamu ya kupona anaweza kuwa nayo hata mgonjwa asiyetaraji tena kuamka.