Safari ya Nyumba Mbili

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twadhani neno hilo lafaa pia kwa urafiki. Nyumba mbili zaweza kupendana miaka mingi katika ujirani, kisha zikachukiana kwa safari ya siku nne, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutaja hesabu kabla ya kuondoka. Ndiyo maana tumeona vema kuwaeleza jinsi sisi, mume na mke, tunavyopanga safari ya namna hiyo pamoja na bwana na bibi tuliozoeana nao tangu tulipofika Marekani.

Sisi tu watu wa Bukavu, na sasa twakaa mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky, ambako Wakongo ni wengi. Shule za huku hutoa likizo ya wiki moja katika majira ya kuchipua, mwezi wa tatu au wa nne. Likizo ikiisha, watoto husimuliana habari za Walt Disney World, bustani kubwa za burudani zilizo karibu na mji wa Orlando, huko Florida. Watoto wetu wamesikiliza masimulizi hayo mwaka baada ya mwaka, na watoto wa rafiki zetu vilevile. Basi wazazi wanne tuliketi mezani, tukakubaliana kwamba safari hii twende.

Kwanza tulitaka kupajua mahali penyewe. Bustani hizo ni nne. Ya kwanza, Magic Kingdom, ilifunguliwa mwaka 1971, miaka mitano baada ya kufa kwake Walt Disney. Ikafuata EPCOT mwaka 1982, kisha mwaka 1989 ile ambayo leo yaitwa Disney's Hollywood Studios, na mwisho Animal Kingdom mwaka 1998. Kila moja yatosha kwa siku nzima. Bei ya tiketi hubadilika kwa tarehe, na siku za likizo ndizo ghali: katika Magic Kingdom mtu mzima huweza kudaiwa zaidi ya dola 150 kwa siku moja. Mtoto wa miaka 10 huhesabiwa kuwa mtu mzima. Wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo tu. Aliye chini ya miaka 3 huingia bure. Sisi tuna watoto watatu, na mdogo ana miaka 2. Kwa hiyo siku moja ya namna hiyo ingetudai dola 600 au zaidi, kabla hatujanunua hata maji.

Rafiki zetu wana watoto wawili. Bwana ana malori yake mwenyewe, na mkewe ni muuguzi. Kwetu, mmoja afundisha na mwingine afanya kazi ghalani, na kila mwezi twapeleka fedha Bukavu kwa ajili ya karo ya wadogo zetu. Tofauti hiyo twaijua sote, lakini ilikuwa haijatajwa hata siku moja katika mazungumzo yetu.

Ilitajwa tulipofika kwenye habari za foleni. Katika bustani hizo michezo mingi ina mistari miwili. Mmoja ni wa watu wote, na katika wiki za likizo mtu huweza kusimama saa nzima na kuzidi. Wa pili ni mfupi. Tangu mwaka 1999 hadi mwaka 2020 mstari huo mfupi ulikuwa bure kwa aliyejiandikia zamu, lakini tangu mwaka 2021 hulipiwa, na bei yake hupanda siku zenye watu wengi. Rafiki zetu walitaka kuulipia. Nasi tuliona mara moja mambo yatakavyokuwa: watoto watano waliokua pamoja, wanaokula sahani moja, wawili wakipita huku na watatu wakibaki kule, nao wakitazamana.

Bwana akasema, "Ndugu, msihangaike. Sisi tutawalipia watoto wote, waende pamoja."

Mke wetu wa nyumba akamjibu kwa upole, "Shemeji, asante sana. Mtoto wetu alipolazwa hospitali mlitusaidia, tukapokea bila haya, maana yale yalikuwa mashida. Lakini hii ni furaha. Tukiipokea leo, mwakani tutawaza ninyi mtatupeleka wapi, na kila mkigonga mlango tutakumbuka deni."

Tulinyamaza kitambo. Kisha mke wa rafiki yetu akasema, "Mama, umenitua mzigo. Nasi tulikuwa na woga wetu. Tukipita njia fupi peke yetu, mtatuonaje? Na tukiwalipia, je, tutaweza kuwalipia kila mwaka?"

Hapo tulifahamu kwamba mwenye kidogo hana haya peke yake. Mwenye kingi naye ana yake. Maneno hayo yalipokwisha kutoka, kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Tulileta daftari, tukaandika.

Njia ni karibu kilometa 1400, kupitia Nashville, Chattanooga na Atlanta. Tutakodi motokaa moja kubwa, na mafuta twagawana nusu kwa nusu. Faida nyingine ni kwamba ada ya kuegesha katika bustani hutozwa kwa gari, si kwa kichwa. Tutapanga nyumba yenye jiko katika mji wa Kissimmee, ulio jirani na bustani. Kodi yake nusu kwa nusu, maana kila jamaa itachukua vyumba viwili. Chakula kitahesabiwa kwa vinywa, sisi watano, wao wanne. Bugali na sombe tutapika wenyewe, na cha mchana tutabeba, kwa kuwa inaruhusiwa kuingia na chakula, isipokuwa vileo na vyombo vya kioo.

Siku ya kwanza tutaingia sote Animal Kingdom, ambako tiketi kwa kawaida ni nafuu kuliko Magic Kingdom, na sote tutasimama katika mstari wa watu wote. Huko pana kijiji kiitwacho Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa mji wa Afrika ya Mashariki, chenye maneno ya Kiswahili kutani. Watoto wetu watasoma lugha ya nyumbani mahali ambapo wenzao wa darasani wataona michoro tu. Ipo pia treni ya mlimani, Expedition Everest, isiyompokea mtu aliye chini ya sentimita 112. Tumekwisha kuwapima watoto mlangoni, ili machozi yamwagike hapa nyumbani, yasimwagike kule. Wazazi wawili watabaki na wadogo, kisha watabadilishana na wenzao bila kupanga foleni upya. Bustani yenyewe imeweka utaratibu huo.

Siku ya pili rafiki zetu watakwenda Magic Kingdom na kulipia njia fupi wapendavyo. Sisi tutabaki Kissimmee. Siku ya tatu tutakwenda sote kuiona bahari ya Atlantiki, ambayo sisi watu wa ziwa Kivu hatujaikanyaga bado.

Mtoto wetu mkubwa aliposikia hayo aliuliza, "Kwa nini wao waende sisi tubaki?" Tulimwambia ukweli: fedha zetu zatosha siku moja, na nyingine ni za shule ya shangazi yake Bukavu. Hakufurahi. Lakini siku ya pili yake tulimsikia akimweleza mdogo wake maneno yaleyale, kwa sauti ya mtu mwenye habari muhimu.

Basi, wasomaji, mkitaka kusafiri na rafiki, ulizaneni mapema: nani atalipa nini, tutakuwa pamoja saa zipi, na kila nyumba itakuwa huru saa zipi. Andikeni majibu, na watoto wayajue. Katika mashida tupokeane bila kuhesabu. Katika starehe kila nyumba ijinyoshe kwa urefu wa shuka yake, na nyumba ya jirani isione aibu kwa shuka yake ndefu. Rafiki aliyekusikia ukisema "siwezi" akabaki rafiki, huyo waweza kusafiri naye mbali.