Nyumba Imeuzwa: Kipi Chabaki, Kipi Chahama?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili twajua kwamba kukita si kuweka. Akitaye nguzo hatarajii kuihamisha kesho. Awekaye kiti hukisogeza apendapo. Tofauti hii, ambayo darasani twaipita kwa wepesi, ilimfika mamangu mlangoni aliponunua kiwanja chenye nyumba ya mbao huko Timau.

Timau iko kaskazini mwa Mlima Kenya, kwenye barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru. Baridi yake haina mzaha, na maji huhesabiwa kwa ndoo. Mama, mjane aliyestaafu ualimu, aliipendea nyumba ile mambo mawili: jiko la kuni lililojengewa dohani, na tangi la plastiki lililopokea mvua kutoka kwenye mifereji ya paa. Fedha zilipokwisha kulipwa, muuzaji alirudi na mkokoteni.

"Mwalimu," alisema kwa adabu, "nilikuuzia nyumba, sikukuuzia tangi."

"Mwanangu," Mama akamjibu, "nyumba hii nilionyeshwa ikiwa na maji. Kwani nilinunua kiu?"

Je, haki ilikuwa ya nani? Sheria ya mwaka 1967 inayoongoza kazi za mahakama za Kenya yaziruhusu kufuata kanuni za kale za Uingereza, kadiri hali ya wananchi inavyokubali. Kanuni moja ni kwamba kilichoshikamana na ardhi huwa sehemu ya ardhi. Katika kesi ya Holland dhidi ya Hodgson ya mwaka 1872, mitambo ya kufumia nguo iliyopigiliwa misumari sakafuni ilihesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Maswali yaliyopimwa yalikuwa mawili: kitu kimeshikamana kwa kiasi gani, na kilishikamanishwa kwa nia gani? Jaji Blackburn alitoa mfano wa mawe. Yakipangwa kuwa ukuta wa shamba, hata bila saruji, ni sehemu ya ardhi. Yakirundikwa uani mwa mwashi yakingoja kazi, ni mali ya kuchukulika.

Kwa mizani hiyo, jiko na mifereji ni nyumba. Tangi, hata hivyo, lilikalia jukwaa kwa uzito wake tu, na hapo swali la kwanza lampendelea muuzaji. Lakini aliyeliunganisha na paa upande mmoja na bomba la jikoni upande wa pili alikusudia nini, kama si kuikamilisha nyumba? Wakili hodari angeweza kutetea upande wowote.

Wala kanuni hiyo si maumbile ya dunia. Mombasa wako watu wanaomiliki nyumba bila kumiliki ardhi iliyo chini yake, wakimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Na kwetu nyumba ya mbao yaweza kununuliwa, ikabomolewa ubao kwa ubao, ikasimamishwa kijiji kingine. Basi nayo ilikitwa, au iliwekwa tu?

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba ya Kenya chataka mapatano ya kuuza ardhi yaandikwe, yatiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Mkataba wa Mama ulitimiza yote hayo. Ulitaja kiwanja na nyumba, ukalinyamazia tangi. Tangi likaenda zake, na masika yale Mama aliyakinga kwa sufuria na mabeseni.

Kamusi zetu zinayo "mali isiyohamishika," lakini tangi la Timau lilihamishika, tena kwa mkokoteni. Wataalamu wa istilahi wana kazi hapo, kwani mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza na kutiwa saini na watu wanaoishi kwa lugha nyingine. Hadi neno lipatikane, orodha yatosha. Jirani akitaka kununua nyumba siku hizi, Mama humpa karatasi na kumwambia atembee chumba kwa chumba pamoja na muuzaji, waandike: tangi, jiko, taa, paneli ya sola, lango, hata fito za mapazia. Kisha ndipo watie saini.