Bawa la Kulia

Msomaji mpenzi, usiniulize jarida la Chama cha Kiswahili lahusu nini na ndege. Mlezi wetu wa chama ndiye aliyenichokoza. Aliniambia, "Wewe kila siku wajigamba kwa ndege yako. Hebu tuandikie kwa Kiswahili tuone kama kweli waijua." Nikakubali mbio mbio nikidhani ni jambo dogo. Nilipokaa na kalamu ndipo nilipoona kwamba siwezi kuisimulia ndege ile bila kusimulia jambo jingine, ambalo hadi leo ni watu watatu tu walijua. Haya, na wajue wote.

Ndege sikuinunua. Ningezipata wapi pesa hizo? Mama yangu hufua na kupiga pasi katika nyumba moja kule Nyali. Mzee aliyekuwa akiishi humo, alipofunga virago kurudi kwao Uingereza, aligawa vitu vyake, huyu sufuria, yule kiti, na mama akapewa kasha refu la kadibodi. Akaambiwa, "Mpe mwanao amalizie." Kasha lile lilikuja Mtopanga kwa matatu na mama akalilipia kiti chake, kama abiria.

Ndani mlikuwa na ndege iliyojengwa nusu. Kiwiliwili kilikuwa tayari, na mkia pia. Mabawa mawili yalikuwa bado mbavu tupu, mithili ya samaki aliyeliwa akabaki miba. Palikuwa na rimoti ya chaneli nne pamoja na risiva yake. Mota, betri na sevo hazikuwamo.

Mti wenyewe ni balsa. Hukua Amerika ya Kusini, hasa Ekwado, na wepesi wake ni wa ajabu. Unaponyanyua pande lake mkono umejiandaa kubeba ubao, kumbe umebeba mkate. Ukucha tu waukwaruza. Mwaka 1947 Thor Heyerdahl na wenzake watano waliunganisha magogo ya balsa wakafanya chelezo, wakakiita Kon-Tiki, wakatoka nacho Peru hadi visiwa vya Polynesia kwa siku 101. Hapa kwetu mti ninaoufikiria nikiushika balsa ni msufi, ingawa msufi mbele yake ni mzito.

Nilimwomba mwenzangu mmoja wa darasani tushirikiane, maana mimi nina maneno mengi na yeye ana mikono. Jina lake silitaji kwa kuwa amenikataza. Tukachanga pesa, sevo zikaja kwa basi kutoka Nairobi.

Sasa sevo ni nini? Ni kijisanduku kidogo kuliko kiberiti. Zetu zilikuwa na uzito wa gramu 9 kila moja. Juu imetokeza mkono mdogo wa plastiki ambao hugeuka huku na huku, na mkono huo ukifungwa waya mgumu husukuma kipande cha bawa. Tulipompelekea fundi wa redio mwenye kibanda karibu na steji ya Mtopanga, aliifungua moja, akatazama ndani, akacheka. "Hii si voliumu ya redio hii?" Kweli ndiyo. Mna mota, gia, kibao cha umeme, na voliumu iliyoungwa na mhimili wa ule mkono. Kazi ya voliumu ni kukiambia kibao mkono umefika wapi. Risiva hutuma pigo la umeme mara 50 kwa sekunde. Pigo la milisekunde moja na nusu ni amri ya kukaa katikati. Likifupika kuelekea milisekunde moja, mkono huenda upande mmoja, na likirefuka kuelekea mbili, huenda upande wa pili. Mota huzunguka mpaka voliumu iseme, "Basi, tumefika."

Kila bawa lina kipande kinachochezacheza ukingoni mwa nyuma, nacho huitwa eleroni. Ndege ikitaka kulalia kulia, eleroni ya kulia hupanda na ya kushoto hushuka. Zikipanda zote mbili pamoja, ndege hailali popote. Nakuomba uyashike maneno haya, maana ndiyo yaliyotutia aibu.

Tulifanyia kazi kibarazani kwetu, jioni baada ya shule, mpaka giza lilipotufukuza. Tuliyapindua mabawa tumbo juu. Mimi nilikata kadibodi ya pakiti ya unga kwa kipimo cha sevo iliyolala ubavu, nikatia na mwanya wa kutokea mkono. Nikaiweka kwenye bawa la kushoto, baina ya mbavu mbili, nikachora kwa kalamu ya risasi. Kisha nikaihamishia bawa la kulia, nikachora tena. Mwenzangu akakata kwa wembe mpya. Jamani, mkono ule! Balsa ukiiharakisha hupasuka na nyuzi zake, lakini yeye alikuwa akipitisha wembe mara tano mahali pamoja, kila mara kidogo tu, mpaka kipande kikajitoa chenyewe. Pembeni tukagundisha vijiti vya plaiwudi, kwa sababu skrubu haishiki kwenye balsa. Kila tundu la skrubu tukalidondoshea tone la supaglu, likakauka, likawa gumu kama jiwe.

Kazi iliyotutoa jasho ni ya waya. Waya wa sevo haufiki katikati ya ndege, hivyo huongezwa mwingine, na huo lazima upite ndani ya bawa, katika vitundu vya mbavu, usionekane. Tulijaribu kuusukuma, ukajikunja. Tulijaribu uzi wenye jiwe, jiwe likakwama. Mwenzangu akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na chelewa nne alizochomoa katika ufagio wa bibi yake. Akaufunga waya kwenye ncha ya chelewa moja, akaipenyeza ubavu kwa ubavu, ikatokea upande wa pili kama sindano. Bawa la kushoto lilichukua dakika mbili. Katika bawa la kulia chelewa ilikatika, kipande kikabaki ndani, lakini waya ulipita. Tukayavisha mabawa karatasi ya plastiki inayojikaza kwa pasi, pasi ile ile ya mama, naye hakutuambia neno ila alituangalia sana.

Sevo tulizijaribu moja moja. Ya kushoto ilikwenda, ya kulia ikaenda. Tukapeana mikono. Ule waya wenye vichwa viwili, unaounganisha sevo zote mbili kwenye chaneli moja, haukuwa umefika bado.

Ulifika siku ambayo mlezi wa Klabu ya Sayansi alitaka kuiona kazi yetu kabla ya kutuandikisha katika maonyesho ya sayansi na uhandisi. Darasa lilijaa, wengine wakachungulia madirishani. Mwalimu akasukuma kijiti cha rimoti kulia. Eleroni ya kulia ikapanda. Ya kushoto nayo ikapanda. Akasukuma kushoto, zote mbili zikashuka. Ilikuwa kama kuku anayejipepea. Kicheko kilichopigwa siku hiyo naamini kilisikika hadi Bamburi.

Mwalimu hakucheka. Aliyapindua mabawa, akaangalia, akaona. Sevo ya kushoto ilielekea ncha ya bawa, na ya kulia ilielekea kiwiliwili. Zilipaswa kuwa kama mikono yako, huu kioo cha huu. Zetu zilikuwa mikono miwili ya kushoto. Akauliza, "Nani alikata hapa?"

Nikajibu, "Ni yeye aliyekata, mwalimu."

Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Wembe ulikuwa mkononi mwake. Lakini mstari alioufuata niliuchora mimi, na kadibodi nilipoihamisha bawa la pili sikuipindua. Wala nisiseme kwamba sikujua. Mwalimu alipoweka kidole chake kwenye tundu lile, kadibodi ilinijia machoni, na neno JUU nililoliandika kwa wino, likiwa juu mara zote mbili. Nilijua, nikasema nilivyosema.

Mwenzangu alinitazama mara moja. Hakujitetea. Mwalimu akamwambia kazi kama ile yataka uangalifu, na kwamba kwa sasa ataandika jina langu peke yake mpaka atakapoona maendeleo. Mwenzangu akachukua mkoba wake, akatoka. Kesho yake aliketi dawati la nyuma.

Usiku ule sikula. Mama akadhani nina homa. Nilikuwa nikiwaza jinsi ya kuigeuza sevo, nijidanganye kwamba tatizo ni sevo. Kukata tundu jingine kungeudhoofisha ubavu wa bawa, na plastiki ilikuwa imeshavishwa. Rimoti yetu haikuwa na chaneli ya tano. Jumamosi asubuhi nikaenda kwa fundi na bawa kwapani.

Fundi akalisikiliza tatizo huku akipuliza vumbi kwenye redio ya mtu. Akasema sevo yaweza kugeuzwa tumboni. Zile waya mbili za mota hubadilishana mahali, na zile mbili za pembeni za voliumu nazo hubadilishana. Ya kati haiguswi. Nikamuuliza kwa nini tusibadilishe za mota pekee, zikatosha.

"Mota itakwenda kinyume, lakini voliumu yaendelea kusema ya zamani," akanijibu. "Ataambiwa yuko mbali, azidi kukimbia. Ataambiwa yuko mbali zaidi, azidi. Mpaka gia zivunjike. Wageuza vyote viwili ama waacha vyote."

Kisha akaitazama ile tundu. "Imekatwa vizuri sana hii. Nani alochora?"

Mwalimu aliuliza nani alikata. Huyu aliuliza nani alichora. Nilihisi mate yamenikauka.

"Mimi."

"Na mwenzio yuko wapi leo?"

Sikujibu. Akaweka chini bisibisi yake. "Waya hizi ni kama nywele, na mie macho yangu si ya zamani. Nenda kamwite aje anishikie tochi. Wewe mkono wakutetemeka, nakuona."

Kwao ni ng'ambo ya barabara ya Malindi. Nilivuka, nikatembea, nikapiga hodi. Alitoka bibi yake. "Ni wewe ulomaliza chelewa zangu?" Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba na bado anangoja jibu. Nikasema, "Ni sisi, bibi." Akamwita mjukuu wake.

Tulisimama ukutani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yote yakapotea. Nikasema, "Kadibodi sikuipindua. N'lijua pale pale darasani."

Akasema, "Najua. Niliiona JUU yako wakati nakata, nikadhani umekusudia. Wewe ndiye mwenye hesabu."

"Mbona hukusema mbele ya mwalimu?"

"Ningesema nini? Si kweli nilikata mimi?"

Hapo ndipo nilipoumia. Angenitukana ningepata nafuu. Tukarudi kwa fundi, mmoja mbele mmoja nyuma, bila kusema. Alishika tochi kwa muda wa karibu nusu saa bila kutikisika. Fundi akayeyusha risasi mara nne, akafunga skrubu nne za chini, tukachomeka waya wenye vichwa viwili. Nikasukuma kijiti kulia. Bawa la kulia likapandisha eleroni yake, la kushoto likashusha. Fundi akasema, "Alaa!" Mwenzangu akanipokonya rimoti akajaribu mwenyewe mara kumi hivi. Hakunitazama, lakini rimoti alinirudishia mkononi, hakuiweka mezani.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mwalimu kabla ya gwaride. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua ile fomu, akaongeza jina la pili kwa kalamu nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Akaniambia niende nikalisimulie na darasa. Hilo sikulifanya. Ndilo ninalolifanya sasa, na nimechelewa muhula mzima.

Kwenye maonyesho hatukushinda. Mbele yetu walikuwa wasichana waliosafisha maji ya kisima kwa mkaa wa vifuu, na kwa haki ya Mungu walistahili. Mwenzangu ndiye aliyeeleza habari ya waya nne, mimi nikashika bawa.

Wengi mwaniuliza itaruka lini. Tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, na anayetoa ruhusa ni Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Mwalimu amesema hakuna kurusha kitu uwanjani mpaka aandike barua na ajibiwe. Barua imekwenda, jibu bado. Kwa sasa twaiwasha darasani, twacheza na eleroni, twazima kuokoa betri.

Ukipita Klabu ya Sayansi, liombe lile bawa la kulia ulitikise kidogo karibu na sikio. Utasikia kitu kinagonga mbavuni. Ni kile kipande cha chelewa. Tumekivuta kwa waya, kwa uzi wenye gundi, hata kwa pumzi, hakitoki bila kuichana plastiki. Kwa sasa tumeongeza kipande kidogo cha kadibodi kwenye ncha ya bawa la kushoto ili yalingane uzito. Kadibodi ni ile ile ya unga, na upande ulioandikwa JUU umetazama chini. Bibi bado anadai ufagio wake.