Lisbon, mji uliojengwa kwa pilipili manga

Mkenya yeyote aliyepitia darasani analijua jina la Vasco da Gama. Tulifundishwa kwamba alifika Mombasa Aprili 1498, mambo yakaharibika, akaenda Malindi ambako alipokewa vyema na kupewa rubani wa kumwongoza hadi Bara Hindi. Baada ya hapo mwalimu hufungua ukurasa mwingine. Lakini je, mali iliyopatikana kwa njia hiyo ya bahari ilikwenda wapi? Jamii yetu ya watu wanne, baba, mama, msichana wa miaka 12 na kaka yake wa miaka 15, ilipata jibu huko Ureno wakati wa likizo ya Agosti.

Lisbon umekaa juu ya vilima, ukingoni mwa mto Tejo. Mtaa mzuri wa kuanzia ni Alfama. Vichochoro vyake ni vyembamba, nguo zimeanikwa madirishani, na mwenyeji wa Lamu hangejiona mgeni. Si ajabu, kwani watawala Waislamu waliushika mji huu hadi 1147, na jina Alfama latokana na neno la Kiarabu lililo ndugu wa hamamu yetu.

Hapo watoto walianza mchezo wa kusaka maneno. Mhudumu wa mkahawa alipotaja mesa, waliruka: meza! Bendera ni bandeira, mvinyo ni vinho, na leso anayojifunga nyanya ni lenço, yaani kitambaa. Neno gereza ndilo lililowashangaza zaidi, maana asili yake ni igreja, kanisa.

Magharibi mwa mji kuna Belém, ambako merikebu za da Gama ziling'oa nanga Julai 1497. Mfalme Manuel wa Kwanza alianza kujenga hapo monasteri ya Jerónimos mwaka 1501, na kazi ikachukua karibu miaka mia moja. Gharama nyingi zililipwa kwa ushuru wa asilimia 5 uliotozwa biashara ya Afrika na Mashariki, hasa viungo kama pilipili manga. Mafundi walichonga mawe yakafanana na kamba za merikebu. Mtu husimama akaduwaa.

Karibu na mlango wa kanisa kuna kaburi la da Gama mwenyewe, sanamu yake imelala chali, mikono imekutanishwa kama anayesali. Msichana wetu aliuliza kwa sauti ya chini: "Mama, mbona hapa hawasemi kwamba Mombasa ilichomwa?"

Lilikuwa swali la haki. Mwaka 1505 Francisco de Almeida, aliyetumwa na mfalme huyohuyo, aliivamia Kilwa, kisha akaiteka Mombasa, akaipora na kuitia moto. Kaka yake alimjibu kwamba fundi aliyechonga mawe yale hakuchoma nyumba ya mtu. Walibishana hadi kituo cha tramu, nasi wazazi hatukuwakatiza, maana kila mmoja alikuwa na lake la kweli.

Utajiri huo nao haukudumu. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, watu wakiwa makanisani kwa sikukuu ya Watakatifu Wote, mtetemeko wa ardhi uliubomoa mji. Bahari ikafurika, kisha moto ukamaliza yaliyosalia. Maelfu ya watu walikufa. Kanisa la Carmo limeachwa bila paa hadi leo liwe ukumbusho.

Kutoka Lisbon, basi hukufikisha Évora, katika mkoa wa Alentejo, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Humo mna nguzo za hekalu la Warumi, na kanisa dogo ambalo kuta zake zimepambwa kwa mifupa ya maelfu ya watu. Mwenye watoto wadogo na afikirie mara mbili. Watakaofurahisha zaidi ni korongo waliojenga viota juu ya milingoti, na miti ambayo gome lake hutengenezwa vizibo vya chupa. Gome huvunwa kila baada ya miaka tisa, na mkulima huandika tarakimu ya mwaka juu ya shina ili asivune kabla ya wakati.

Anayefikiria safari hii na aombe viza ya Schengen mapema, na achukue viatu imara kwa sababu ya mawe ya barabarani. La muhimu zaidi, kwanza awapeleke watoto kwenye mnara wa da Gama kule Malindi na ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na kuipoteza kwa Waomani 1698. Mtoto aliyeyaona hayo atafika Lisbon akiwa na maswali yake mwenyewe. Na kwa jamii isiyo na nauli ya Ulaya, nusu ya hadithi hii iko hapa kwetu, mwendo wa basi tu.