Wanawake na Milima ya Theluji

Sisi wa Kongo theluji twaijua kwa mbali tu: mawingu yakiondoka, twaiona ikimetameta juu ya vilele vya Ruwenzori. Lakini huko Ulaya, katika milima ya Alpi, wako watu ambao, majira ya baridi yakifika na wenzao wakiota moto nyumbani, wao hutoka kwenda kupanda. Mchana ni mfupi, upepo wakata kama kisu, na theluji yaweza kuporomoka ikawafunika. Hufunga meno ya chuma chini ya viatu, hushika shoka la barafu mkononi, nao huungana kwa kamba moja. Wengi wa watu hao ni wanaume. Kwa nini?

Tuseme kweli: jibu letu la kwanza lilikuwa kwamba mwanamke hana nguvu za kutosha. Kumbe tulikosea. Mont Blanc ni mlima unaopita mita 4,800. Safari ya kwanza iliyofika kileleni mwake katika majira ya baridi, tarehe 31 Januari 1876, ilikuwa ya mwanamke, Isabella Straton, Mwingereza, pamoja na viongozi wake. Baadaye aliolewa na mmoja wa viongozi hao, Jean Charlet, wakazaa wana wawili. Tena mwezi wa Machi 1992, Catherine Destivelle, Mfaransa, aliupanda peke yake ukuta wa kaskazini wa Eiger, nchini Uswisi, kwa saa 17.

Basi, kama si nguvu, ni nini? Kazi hiyo haijifunzwi kitabuni. Mgeni hufungwa kamba moja na mzoefu, akamtazama jinsi apigavyo shoka na jinsi aijaribuvyo theluji kabla ya kuikanyaga. Asiyeitwa hajifunzi. Nao wanaume kwa muda mrefu waliitana wao kwa wao. Chama cha wapanda milima cha Uswisi kiliwafungia wanawake mlango mwaka 1907, kisiwafungulie mpaka karibu na mwaka 1980. Mlango uliofungwa muda huo wote, hata ukifunguliwa, waliomo ndani ni wale wale.

Tena liko neno la watoto. Mwaka 1995 Alison Hargreaves, Mwingereza, mama wa watoto wawili, alikufa katika mlima wa K2, mpakani mwa Pakistan na China. Hayakuwa majira ya baridi, lakini lawama alizopata humfikia kila mama apandaye penye hatari: mama gani huwaacha watoto wake? Baba afaye mlimani huliliwa. Ni mara chache kuulizwa swali hilo. Hatusemi mtu ahatarishe uhai wake bure. Uhai ni amana ya Mungu, wa baba sawasawa na wa mama.

Nasi tusiwacheke watu wa Ulaya. Mwana wetu akitaka kwenda masomo mbali, twamtafutia nauli. Binti akitaka, twauliza: Nani atachota maji? Nani atambeba mdogo wake? Kisha miaka ikipita twasema: Wasichana hawapendi masomo.

Je, tuliwaita?