Njia ya Daku

Duka la yule Mhadhrami wa Vikokotoni, Unguja, limevunjwa. Kwa vijana lilikuwa banda bovu tu. Kwetu lilikuwa kituo kikuu cha ngoma ya kuwaamsha watu wale daku.

Tulikuwa na msondo wa kuazima, madebe ya mafuta ya taa, na fundi cherehani mmoja mwenye sauti. Kazi yake ilikuwa kumtaja mwenye nyumba kabla hatujaufikia mlango. Karimu alisifiwa, bahili alichomwa kidogo. Penye msiba tulipita kimya, debe likaanza tena nyumba ya tatu. Mtoto aliyefuata msafara mwezi mzima alijua nani kaoa, nani kahama, nani hasemi na jirani yake.

Mhadhrami alikuwa akikaanga buni saa zile zile. Harufu ilitupokea kabla ya kona, nasi tukapunguza mwendo bila kuambizana. Senti hakutoa mpaka Idi. Alitoa kahawa chungu na kashata, kisha akatukosoa: miguu iufuate msondo, si msondo ukimbizane na miguu. Mizani yake ya shaba aliifunika kanga kama mgonjwa mwenye baridi, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nimetazama kalenda nijue ulikuwa mwaka gani. Ramadhani ya 1974 iliingia Septemba, nami nakumbuka matope ya vuli. Ya 1972 iliangukia Oktoba na Novemba. Basi tuseme ndiyo hiyo.

Majumba ya Michenzani yakaivuruga njia. Ukipiga chini, wa ghorofa ya juu hasikii jina lake. Ukipanda ngazi, msondo unakwama. Jengo zima likabaki na ubeti mmoja, na ubeti wa watu wote haumwamshi mtu. Kisha zikaja kaseti, zikaja televisheni za usiku kucha, fundi akahamia Dar es Salaam.

Siku hizi hupita gari lenye spika, na wimbo uliorekodiwa usiomtaja mtu. Tena hupita saa saba, daku hata halijapashwa moto! Ukilalamika unaambiwa funga dirisha.

Majuzi mjukuu wangu akaomba, "Babu, niimbie basi ule wa bahili." Nimekataa. Ukoo wa bahili yule ungali mtaani, na mwezi ujao wana harusi. Tumealikwa.